Waya Ngumu Haikunjwi Mara Mbili: Vile Utatengeneza Linkeji za Modeli Bila Kuangusha Ndege Yako

Kama ulikulia mtaani ama ocha, chances ni ushawahi tengeneza gari ya waya. Unaijua ile design: waya ya hanga ama ile umechomoa kwa fence ya jirani, tairi za vifuniko vya soda ama slipa zimekatwa na kisu, na usukani mrefu unafika kifuani ndio uendeshe ukitembea. Ukikosea kona, unakunjua, unakunja tena. Waya inakusamehe. Hata ukiikunja mara tano, gari bado inatoka kwenda dukani kununua unga.

Hiyo tabia ndio ilimmaliza beshte yangu mmoja wa Eastlands.

Jamaa alikuwa ameseti chapaa ya mjengo miezi kadhaa, pole pole. Akanunua mota ndogo, betri, rimoti na sevo mbili za gramu 9. Mwili wa ndege akachonga na ile foam nyeupe inakuja ndani ya boksi la TV. Mabawa karibu mita moja. Kusema ukweli, ilikuwa safi. Jumapili asubuhi tukaenda kwa uwanja mkubwa hakuna watu, akairusha, ikapaa. Sisi wote tukapiga nduru.

Dakika ya pili, akaishusha pua ndio ipite karibu na sisi, halafu akavuta stiki iinuke. Haikuinuka. Akavuta yote. Wapi. Ndege ikaingia kwa mchanga kama mshale.

Tulipofika kwa mabaki, kitu ya kushangaza ni kila kitu kilikuwa kinafanya kazi. Betri iko na moto, sevo inazunguka kushoto na kulia bila shida. Lakini ile waya ndogo inatoka kwa sevo kwenda mkia ilikuwa imekatika. Na haikukatika katikati, ilikatikia pale pale kwa kona. Jamaa akakumbuka: wakati wa kuitengeneza alikunja vibaya, akanyoosha na plaizi, akakunja tena. Vile tulikuwa tunafanya na hanga tukiwa watoto.

Waya ya soo moja ikamaliza ndege ya mathao. So wacha nikushow vile hii kitu inafanywa, ndio hiyo story isikuwe yako.

Linkeji ni nini kwani?

Ndani ya modeli yoyote inayoongozwa na rimoti, iwe ndege, boti, gari ama ka-roboti ka miguu sita, kuna sevo. Hiyo ni kaboksi kadogo kana mota na gia ndani, na kamkono ka plastiki kanazunguka vile umeambia rimoti. Sasa huo mkono uko hapa, na kitu unataka kusongesha iko kule. Kwa ndege, hiyo kitu ni kibao cha mkia kinachoinua ama kushusha pua. Kwa boti ni usukani. Kwa gari ni tairi za mbele.

Katikati yao kunapita kijiti cha waya. Hicho ndio linkeji. Mwisho mmoja umeingia kwa shimo la mkono wa sevo, mwisho mwingine umeingia kwa pembe, yaani kile kipande kidogo cha plastiki kimesimama juu ya kibao. Sevo ikisukuma, kibao kinasonga. Sevo ikivuta, kinarudi.

Ni kazi rahisi, lakini fikiria hivi: modeli haina kamba ya spea. Linkeji ya mkia ikikatika hewani, wewe si pilot tena. Wewe ni mtazamaji kama sisi.

Hii si waya ya hanga

Waya ya hanga na ile binding waya ya mjengo ni chuma laini. Ukikunja inakaa, hairudi. Hiyo ni poa kwa gari ya mtoto lakini kwa linkeji ni noma, juu kila sevo ikisukuma waya inajipinda kidogo. Unavuta stiki, waya inameza ile nguvu, na kibao hakifiki penye kilifaa kufika.

Waya inayotakikana inaitwa waya ya piano. Jina si la urembo, ndio hiyo hiyo inafungwa ndani ya piano. Piano moja iko na nyuzi kama 230, na ukijumlisha vile zimevutwa zote unapata mvuto wa karibu tani 18 hadi 20. Chuma laini hakiwezi hiyo kazi hata siku moja. Nyuzi nyembamba za gitaa, zile hazijazungushiwa waya nyingine, pia ni familia hiyo.

Siri yake ni mbili. Kwanza iko na kaboni mingi, kati ya asilimia 0.7 na 1. Pili, kiwandani inavutwa ikiwa baridi kupitia matundu madogo, kila tundu dogo kuliko lililopita, mpaka inabanwa ikakuwa ngumu vibaya sana. Mwingereza wa Birmingham anaitwa James Horsfall alipata hatimiliki ya njia ya kutengeneza waya kali ya aina hii mwaka 1854, na ilipofika 1866 ilikuwa imevishwa kebo ya telegrafu iliyovuka bahari ya Atlantic.

Ndio upate picha: waya ya piano ya milimita 1 inaweza kuninginiza zaidi ya kilo 150 kabla ikatike. Binding waya ya unene huo huo inakufa karibu kilo 30. Na ukiipinda kidogo ukaiachilia, ya piano inaruka kurudi ikiwa imenyooka kama haikuguswa.

Lakini huo ugumu una bei yake. Chuma laini kinakubali kuumbwa na kuumbwa tena. Hiki kigumu kimeshavutwa kiwandani karibu na mwisho wa uwezo wake. Umebakishiwa nafasi ndogo tu ya kukikunja. Ukiitumia vibaya, hakuna ingine.

Mkebe wa spoki

Hii kitu ilitubamba tukienda kwa fundi wa baiskeli, mzee mmoja amekaa kwa hiyo kona ya mtaa tangu tukiwa watoto. Jamaa alikuwa anatafuta waya ingine. Akamuonyesha ile imekatika.

“Fundi, hii waya ni feki ama?”

Mzee akaiangalia, akacheka kidogo. Akavuta mkebe wa rangi umejaa spoki mbovu, akamwaga chini.

“Kijana wangu, hebu niambie hizi zote zimekatikia wapi.”

Tukaangalia. Karibu zote zilikuwa zimekatikia mahali pamoja: kwa ile kona, pale spoki inapoingia kwa habu. Katikati zimenyooka, safi kabisa. Kwa kona, kwisha.

“Waya huwa inakufia kwa kona,” mzee akasema. “Hata mpya. Sasa wewe umeikunja, ukaikunjua, ukaikunja. Ulikuwa umeiua kabla hujairusha.”

Hiyo ndio somo lote la hii article kwa sentensi mbili, lakini wacha tuingie ndani.

Kwa nini kona?

Ukikunja waya, upande wa nje wa kona unavutwa na upande wa ndani unabanwa. Vile kona inakuwa kali zaidi, ndio upande wa nje unavutwa zaidi. Hesabu si ngumu. Chukua waya ya milimita 1. Ukiikunja juu ya kitu cha mviringo ndio ndani ya kona kubaki na nusu-kipenyo cha milimita 1, ngozi ya nje inanyooshwa karibu theluthi moja. Ukiikunja kwa ukingo mkali, nusu-kipenyo kikawa nusu milimita, ngozi ya nje inanyooshwa asilimia 50. Kwa chuma kimeshakaa ngumu hivyo, hapo unatafuta nyufa.

Sasa ukiikunjua, ile ngozi imenyooshwa inabanwa kwa nguvu irudi. Ukiikunja tena, inanyooshwa tena. Ufa mdogo ambao hauonekani na macho unaanza. Halafu unaweka kwa ndege, sevo inasukuma na kuvuta mara mia kwa dakika, mota inatetemesha kila kitu, na ule ufa unatembea. Siku moja unafika upande wa pili.

Kwa hivyo sheria ni tatu, shika hizi kabla ya kushika plaizi:

Moja, kona iwe ya mviringo. Ndani ya kona, nusu-kipenyo kisipungue unene wa waya yenyewe.

Mbili, kunja mara moja, upande mmoja tu. Kuongeza kidogo kwa upande ule ule ni sawa. Kurudisha nyuma, zii.

Tatu, ukikosea, tupa. Usihurumie hicho kipande. Kata kingine.

Vitu unahitaji

Huhitaji karakana. Kwa keja tu unaweza manage na hivi:

Plaizi ya mdomo mrefu, lakini cheki mdomo wake. Kama uko na meno makali, hayo meno yanaacha alama kwa waya, na kila alama ni mahali pa ufa kuanzia. Zungushia mdomo tepu ama utafute plaizi ya mdomo laini. Kuna plaizi spesho za kukunja umbo la Z kwa mpigo mmoja, na kama utatengeneza modeli nyingi, hiyo ni bidhaa ya maana.

Kipande cha bomba jembamba cha chuma ama shaba, kinachoingia waya kwa ndani bila kucheza. Unakivaa kwa waya na kukitumia kama mkono wa kusukuma karibu na kona. Inakupea nguvu na kona inatoka mahali unataka.

Vaisi kama unaweza pata ya kuazima. Weka vipande viwili vya bati nene ndani ya meno yake, na ukingo wa kukunjia uulainishe kwanza na tupa ukuwe wa mviringo.

Tupa ndogo, rula, kalamu ya maka, na miwani ya kukinga macho. Hiyo ya mwisho si mapambo.

Kukata: hapa ndio macho huenda

Plaizi ya kukata ya kawaida, ile ya waya za stima, ukiileta kwa waya ya piano inapigwa pengo kwa meno. Ushakula hasara na waya bado iko mzima.

Njia ya mtu mpole ni hii: chonga mfereji mdogo na tupa kuzunguka waya pale unataka kukata, funika na kitambaa, halafu ivunje hapo. Kama uko na mashine ndogo ya diski ya kukatia, poa, lakini usipashe moto ile sehemu utakunja. Kama uko na mkasi wa chuma uliotengenezwa kwa waya ngumu, pia sawa.

Lakini vyovyote vile, kile kipande kidogo kinachokatika kinaruka. Kiko na ncha kama sindano na kinaenda kasi kuliko utapepesa macho. Vaa miwani, shika pande zote mbili ama ufunike na kitambaa, na usielekeze kwa mtu. Ukimaliza, laini ncha na tupa, juu waya ya mkia iko karibu na vidole vyako kila siku.

Kunja Z, hatua kwa hatua

Umbo la Z ndio linapendwa zaidi kwa upande wa sevo juu halihitaji skrubu wala klipu. Likiingia kwa shimo haliwezi kutoka lenyewe. Linafanana na ngazi moja: waya inakuja imelala, inapanda kidogo kupitia shimo la mkono, halafu inalala tena.

Anza na kipande cha majaribio. Kata kama sentimita 10, kunja kona moja, halafu pima imekula urefu kiasi gani. Kila kona inakula kidogo, na plaizi yako si plaizi yangu. Usiamini hesabu ya mtu mwingine, amini kipande chako.

Sasa ile ya ukweli. Weka alama na kalamu ya maka. Usikwaruze na msumari, hiyo ni kualika ufa. Acha mkia mrefu, kama sentimita 2, ndio upate mahali pa kushika. Utaukata baadaye.

Shika waya kwa alama na plaizi, na usitumie ile ncha yenye ukingo mkali. Sukuma mkia juu na kile kibomba, pole pole, kwa mwendo mmoja. Ukifika digrii 90, usiachilie bado. Hii waya inaruka kurudi nyuma. Ukitaka 90, itabidi umepita mpaka 100 hivi ama zaidi, halafu ukiachilia inatulia mahali pake. Ile waya ya majaribio ndio itakuambia yako inarudi kiasi gani. Bora ubaki nyuma kidogo halafu uongeze, kuliko upitilize halafu uanze kurudisha.

Kona ya pili inaenda upande wa kinyume, ndio mkia ulale sambamba na waya. Umbali kati ya kona mbili ndio kila kitu. Lazima utoshe unene wa mkono wa sevo na nafasi kidogo ya kupumua. Mikono mingi ya sevo ndogo iko karibu milimita 1.5. Ukibana sana, Z inakwama na sevo inalia. Ukiacha sana, inacheza.

Laza waya kwa meza iliyonyooka ama kioo. Kona zote mbili zinafaa zilale chini pamoja. Kama moja imeinuka, Z imejipinda na itakuwa inasokota mkono kila ikisonga. Hiyo nayo, tupa.

Ikiwa fiti, kata mkia ubaki kama milimita 5 na ulaini.

Kitu moja watu hukosea: toa mkono kutoka kwa sevo kwanza, pitisha Z kwa shimo ukizungusha, halafu ndio ufunge mkono na skrubu. Ukijaribu kuingiza Z mkono ukiwa umefungwa, utajikuta unaikunjua. Na tushaongea kuhusu kukunjua.

Kuhusu shimo: mengi kwa sevo ndogo ni karibu milimita 1. Kama waya yako ni 1.2, lipanue na biti ya drili ya 1.2, uzungushe na vidole. Usichome na msumari wa moto. Shimo linayeyuka, linakuwa kubwa, waya inacheza ndani. Huo mchezo mdogo kwa shimo unakuwa mtetemo wa kibao ndege ikienda kasi, na mtetemo huo unaweza kung'oa kibao chenyewe.

Upande ule mwingine

Kwa upande wa pembe, usijiumize na Z ya pili kama ndio unaanza. Washa rimoti, acha sevo ikae katikati, mkono wake usimame digrii 90 na waya. Kibao kiweke sawa na mkia, kishike na tepu. Sasa weka alama kwa waya pale inapita shimo la pembe, na ukunje kona moja ya L. Pitisha, halafu izuie isichomoke na klipu ya plastiki. Kwa modeli ndogo nyepesi, hata kipande cha ngozi ya waya ya stima kinachobana vizuri kinafanya kazi, bora ukicheki kila siku ya kurusha.

Kuna trick ya wazee wa modeli: katikati ya waya wanaweka umbo la V pana. Ukitaka kufupisha linkeji, unabana V kidogo. Ukitaka kurefusha, unaipanua kidogo. Inasaidia kurekebisha bila kuanza upya. Lakini kumbuka hiyo pia ni kona. Ni ya kurekebisha nywele moja siku ya kwanza, halafu unaiacha. Ukiibana na kuipanua kila wikendi, uko na spoki ya yule mzee.

Waya ndefu inajipinda

Kuvuta waya ni rahisi, hata kamba inavutika. Shida ni kusukuma. Waya ndefu nyembamba ukisukuma inajikunja kama upinde, na kibao hakisongi. Hapo usikimbilie kuongeza sevo kubwa. Cheki urefu na unene.

Ukipunguza urefu usioshikiliwa kwa nusu, waya inavumilia kusukumwa mara 4 zaidi. Na ukiongeza unene kidogo tu, tofauti ni kubwa: waya ya milimita 1.2 ni ngumu kupinda mara 2 kuliko ya 1.0, na ya 1.5 ni mara 5. Kwa sevo za gramu 9, waya ya 1.0 hadi 1.2 inatosha kazi nyingi. Spoki ya baiskeli, ambayo mara nyingi ni karibu milimita 2, iwachie modeli kubwa.

Kama sevo iko mbali na mkia, tumia akili ya mtaa: kijiti cha mshikaki. Kile cha mianzi ni chepesi na hakijipindi haraka. Tengeneza waya fupi mbili, moja iko na Z na ingine iko na L, zifunge kwa ncha za kijiti na uzi wa kushona ukizungusha vizuri, halafu ulowanishe uzi na supa glu. Ama pitisha waya ndani ya bomba la plastiki lililobandikwa kwa mwili wa ndege kila baada ya sentimita chache.

Na usitumie nguvu pale hesabu inatosha. Kwa mkono wa sevo, shimo la karibu na katikati linakupea mwendo mdogo na nguvu nyingi. Kwa pembe ya kibao, shimo la mbali na kibao linafanya hivyo hivyo. Kwa ndege ya kwanza, anza hapo. Ndege inayoitika polepole inasamehe vidole vyenye kiherehere.

Moto? Hapana

Lazima kuna msee atakuambia, “Choma kidogo na jiko la gesi, italainika ukunje bila stress.” Ni ukweli italainika. Ikifika kuwa nyekundu, ile kazi yote ya kiwandani imefutwa. Ikipoa polepole umebaki na hanga la bei ghali. Na ukiitumbukiza kwa maji ikiwa nyekundu, inakuwa ngumu kama glasi, na inavunjika kama glasi. Kunja ikiwa baridi, basi.

Pia hii waya inashika kutu haraka, na kutu inachimba vishimo ambavyo ni mwanzo wa nyufa. Ifute na mafuta kidogo ya cherehani. Kama uko Mombasa na hiyo hewa ya chumvi, fanya hivyo bila kuambiwa.

Kabla hujarusha

Dakika tano tu. Washa rimoti, songesha stiki mwisho hadi mwisho mara 50. Angalia kama waya inajipinda ikisukuma, ama sevo inalia mwishoni. Shika kibao na vidole, zuia polepole, uone kama Z inaruka. Halafu toa simu, fungua kamera, zoom kwa kila kona. Ufa mdogo unaonekana kama mstari mweusi upande wa nje. Ukiuona, hiyo siku hakuna kurusha.

Na kuhusu kurusha kwenyewe: Kenya ina sheria za ndege zisizo na rubani tangu 2020 na KCAA ndio wanazisimamia. Uliza kwanza wewe unahitaji nini, na usisogee karibu na Wilson, JKIA, ama mahali kuna watu.

Jamaa wangu alijenga ingine. Foam ya boksi lingine, mota ile ile. Waya ya mkia alikata vipande vinne kabla apate moja ya kumridhisha, na zile tatu akazitupa bila kuzinyoosha. Nilikuwa pale. Kama ulikulia na gari za waya, kutupa kipande kizima hivyo kunauma kidogo.

Jumapili iliyofuata ndege ilipanda, ikashusha pua, ikapita mbele yetu karibu na nyasi. Akavuta stiki. Ikainuka.